Nina Jumamosi tu na miezi minne, nichukue umenta au nifundishe hesabu?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo. Nina miaka 26, nimeajiriwa, Jumamosi nina nafasi asubuhi mpaka mchana. Kuna kituo kinapokea vijana wa miaka 13 hadi 17, wengine wameacha shule, wengine wametoka kwenye kesi, wengine nyumbani hakukaliki. Wanatafuta watu wa kujitolea, unachagua kufundisha hesabu au kuwa menta, yaani mtu mzima wa kumshika mkono na kumwongoza kijana mmoja. Mi navutiwa zaidi na umenta, ila baada ya miezi minne huenda nikahamishwa kikazi. Halafu mi nimekulia nyumba tulivu, sijapitia wanayopitia wao, naogopa wataniona muongo. Na mmoja akinieleza siri nzito nifanyeje? Naomba unishauri bila kunificha."

Marahaba mdogo wangu. Umesema nisikufiche basi naanza na hiyo miezi minne, maana umeitaja kwa kupita tu na kumbe ndo kubwa kuliko yote uliyouliza.

Usichukue umenta. Chukua hesabu.

Najua sio jibu ulilotaka, ngoja nikueleze. Nimesimamia watu wa kujitolea miaka mingi, na kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya sio kumtuliza kijana aliyepigana, ni kukaa na kijana wa miaka 14 ambaye menta wake aliacha kuja. Hakuaga, aliacha tu kuja, wiki ya kwanza alisema anaumwa, ya pili kazi zimembana, ya tatu simu haipokelewi. Yule mtoto hakulia wala nini, aliniambia tu "nilijua", akarudi kucheza. Hilo neno "nilijua" ndo linaloniuma mpaka leo, maana huyu ni mtoto ambaye watu wazima wengi walishamuacha kabla yetu, na sisi tukaenda kumthibitishia kwamba ndo hivyo ilivyo. Bora tusingeenda kabisa.

Na sio hisia zangu tu. Mwaka 1995 Marekani ulitoka utafiti mkubwa juu ya mpango wa Big Brothers Big Sisters, huu ni wa zamani sana, chimbuko lake ni New York mwaka 1904, unamkutanisha mtoto mmoja na mtu mzima mmoja. Walichukua vijana wa miaka 10 hadi 16, nusu wakapewa mtu mara moja na nusu wakasubiri kwenye foleni miezi 18, halafu wakalinganishwa. Waliopewa mtu walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza madawa ya kulevya, pungufu kwa asilimia 27 wa kuanza pombe, na siku za kutoroka shule zilikuwa karibu nusu ya wenzao. Matokeo mazuri mno, ndo yale unayasikia kila semina ya kujitolea. Ila mwaka 2002 watafiti walirudi kwenye takwimu zilezile wakauliza swali ambalo semina huwa zinaliruka: hawa waliosaidika walikaa na mtu wao muda gani? Ikaonekana faida kubwa ni kwa waliofika mwaka mmoja na zaidi, jinsi muda unavyopungua na faida inapungua, na wale ambao uhusiano ulivunjika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walishuka kujithamini na kujiamini kimasomo, wakawa chini hata ya wale waliokuwa bado kwenye foleni. Yaani aliyekosa menta alikuwa na hali nzuri kuliko aliyepata akampoteza haraka. Soma hiyo sentensi mara mbili mdogo wangu.

Kwahiyo miezi minne kwa umenta iko karibu mno na eneo la hatari, na mbali na ule mwaka wenye faida. Kwa hesabu hapana. Hesabu ina mwanzo na mwisho, unaweza kumwambia kijana siku ya kwanza kabisa "mi nipo hapa Jumamosi 16, tunataka tumalize sehemu hizi na hizi", na ukiondoka wiki ya 16 umetimiza ulichosema, hujamuacha mtu. Tofauti ya kumaliza na kutoroka kijana anaijua vizuri sana. Na ikitokea hujahamishwa, ndo utaenda kuomba umenta ukiwa tayari wanakujua, ofisi inakujua na vijana wanakujua, na huo umenta utakuwa na mizizi.

Usiione hesabu kama kazi ya daraja la pili. Mwanafunzi aliyeachwa nyuma anaishi na aibu kila siku ya shule, na wengi wanaoitwa "watukutu" darasani ni watu wanaoficha kitu. Kijana wa miaka 15 asiyejua kugawanya atafanya fujo kabla mwalimu hajafika kwenye swali lake, kwa sababu kutolewa nje kwa fujo ni heshima kuliko kuonekana hajui mbele ya wenzake. Ukimtoa kwenye hiyo aibu umegusa mambo mengi kwa mpigo. Kule Chicago walijaribu kuwapa vijana wa sekondari waliobaki nyuma mwalimu mmoja kwa wanafunzi wawili, kila siku ya shule, sehemu ya ratiba kabisa, na wengi wa wale waliofundisha hawakuwa walimu wenye taaluma, walikuwa watu waliomaliza chuo wakajitolea mwaka kwa malipo madogo. Alama za hesabu zilipanda na waliofeli wakapungua. Wewe una siku moja kwa wiki sio tano, usitegemee matokeo ya ukubwa ule, lakini chukua siri yao: vijana wachache, mtu yuleyule, saa ileile. Kituo kikikuambia fundisha 25 kwa pamoja, omba wawili au watatu. Kataa kwa upole lakini kataa, maana 25 ni darasa, na darasa ndo lililowashinda.

Sasa ufundishe vipi. Wiki ya kwanza usimpe mtihani, mtihani kwake ni kesi. Mpe maswali mchanganyiko mepesi kwa magumu umwambie "nioneshe ulivyofikiri, jibu sina haja nalo leo". Utashangaa. Mtoto akikuandikia 52 kutoa 38 ni 26 hajakosea ovyo, ametoa ndogo kwenye kubwa kila safu, 8 toa 2 ni 6, 5 toa 3 ni 2, ana kanuni yake kichwani na anaifuata kwa uaminifu kabisa, shida kanuni yenyewe ndo mbovu. Ukimwekea alama ya X umemwambia ni mjinga, ukimwambia "naona ulichofanya, hebu jumlisha 26 na 38 uone kama inarudi 52" ataigundua mwenyewe. Vivyo hivyo kwa nusu jumlisha theluthi, wengi watakuandikia 2/5, juu kwa juu chini kwa chini. Usikimbilie kumfundisha kutafuta namba ya chini inayolingana. Muulize tu, 2/5 na 1/2 ipi kubwa? Akichora mstari akaona 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo kabla hajaongeza kitu, utaona uso unabadilika, na huo uso ndo malipo yako ya Jumamosi hiyo.

Halafu anza kila kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita bila daftari. Sio kumtega. Mwaka 2006 kuna majaribio yalifanyika, watu wakasoma maandishi, kundi moja likasoma tena na tena, lingine likasoma mara moja kisha likajaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojikumbusha ndo walikuwa mbele tena kwa mbali. Wewe unaonana nao kila wiki moja, kwahiyo hiyo ya wiki moja ndo inakuhusu.

Tuje kwenye hilo la nyumba tulivu. Mdogo wangu hakuna kijana atakayekuomba cheti cha shida. Atakayekuona muongo ni yule unayemwigizia, ukianza kuongea kwa lugha yao ya mtaani kwa kulazimisha au ukisema "nakuelewa kabisa" wakati huelewi. Sema tu "hilo sijawahi kulipitia, nieleze lilivyo", kisha nyamaza. Kunyamaza ni ujuzi na wengi wetu hatuna. Kuna watafiti walifuatilia jozi 82 za mamenta na vijana, nao pia ni mwaka 1995, wakakuta mamenta wako wa namna mbili. Kuna wanaokuja na ajenda, nimekuja kukurekebisha, alama zipande, uache marafiki wale, na wanaanza kuifanyia kazi siku ya kwanza. Na kuna wanaoanza kwa kumjua mtoto, wanamuuliza leo tufanye nini, wanamwacha achague, mambo ya kurekebisha yanakuja baadaye sana na mara nyingi anayaleta kijana mwenyewe. Hao wa ajenda jozi nyingi zilivunjika, wa pili wengi waliendelea. Na ninavyoona mimi, wa ajenda wengi ni watu wenye moyo mzuri sana! Wanaumia wakiona kijana anapotea, wanataka kumvuta haraka, na ile haraka ndo inamsukuma.

Kuna kisiwa cha Kauai kule Hawaii, watafiti waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Karibu theluthi moja walikulia kwenye hali ngumu kweli, umaskini, ugomvi nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Ila katika hao walioonekana hawana njia, mmoja kati ya watatu alikuja kuwa mtu mzima imara, anayefanya kazi na kupenda watu wake. Kitu kimojawapo kilichojirudia kwenye maisha yao ni kuwepo kwa angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa aliyemkubali alivyo, awe bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Hakuna palipoandikwa kwamba huyo mtu mzima naye alipitia shida. Kwahiyo utulivu uliokulia nao usiuonee aibu, mtoto ambaye kwao kila siku ni kelele anahitaji kuona mtu ambaye akikasirika hapigi, na akisema saa 4 anafika saa 4.

Nikutahadharishe na jambo moja maana utaambiwa na watu wengi, hata baadhi ya wafanyakazi wa vituo: "hawa watishe kidogo, wapelekeni gerezani wakaone". Hapana hapana. Miaka ya 1970 kule New Jersey wafungwa wa vifungo vya maisha walikuwa wanapelekewa vijana ili wawatishe, ikasifiwa sana, ikaigwa sehemu nyingi. Ilipokuja kupimwa kwa majaribio ya kulinganisha, tukiyaweka yote pamoja vijana waliopelekwa walifanya makosa ZAIDI ya ambao hawakupelekwa. Kijana aliyeishi na vitisho tangu mdogo humtishi, unamfundisha tu kwamba na wewe ni walewale.

Na kingine kinafanana na hicho, kuwakusanya wenye matatizo peke yao bila kazi ya maana. Huu ni mfano unaotusumbua sisi wa fani hii. Mwaka 1939 Massachusetts ulianza mradi wa wavulana 506, nusu wakapata mshauri wa kuwatembelea, masomo ya ziada, matibabu, kambi za likizo, kwa wastani miaka mitano, nusu hawakupata kitu. Mradi ulifungwa 1945. Miaka 30 baadaye wakatafutwa wakiwa watu wazima, ripoti ikatoka 1978, na waliosaidiwa hawakuwa wamefanya vizuri zaidi, kwenye baadhi ya mambo kama ulevi na afya ya akili walikuwa vibaya kuliko wenzao. Na bado ukiwauliza, wengi walisema mradi uliwasaidia! Baadaye uchambuzi ukaonesha madhara yalikuwa hasa kwa wale waliopelekwa kambi zaidi ya mara moja, na wachambuzi wakadhani ni kwa sababu huko walikaa na wenzao wakisifiana mabaya. Ndo maana nakwambia, kwenye meza yako ya watu watatu usiache mmoja akawa anasimulia ushujaa wa kuiba huku wengine wanacheka, rudisha kazi mezani bila kumkaripia. Na ndo maana pia mtu akiniambia "vijana wanampenda sana yule mtu wa kujitolea" nafurahi lakini sitosheki, nauliza kimebadilika nini.

Siri. Hili usiingie hata siku moja kabla hujalipanga. Usimuahidi kijana kwamba hutamwambia mtu, kamwe, hata akikuomba kwa machozi. Mwambie mapema, kabla hajafungua mdomo, ikiwezekana Jumamosi ya kwanza mkiwa mnaongea mambo ya kawaida: "unayoniambia nakutunzia, isipokuwa matatu, mtu akikuumiza, ukitaka kujiumiza, au ukitaka kumuumiza mwingine. Hapo lazima nimwambie msimamizi, na nitakuambia kwanza kabla sijaenda." Watu wanaogopa kwamba ukisema hivyo hataongea. Mi nimeona kinyume, wengine wanasubiri hasa mtu wa namna hiyo, anayejua pa kulipeleka. Akikueleza, usimhoji kama polisi, usiulize ilikuwaje na mara ngapi na wapi, hiyo ni kazi ya waliofundishwa na ukiuliza vibaya unaweza kuharibu ushahidi na kumuumiza upya. Mambo matatu yanatosha, nakuamini, sio kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Kisha siku hiyohiyo, sio kesho, unamwona msimamizi, na unaandika maneno ya kijana kama alivyoyasema yeye bila kuyapamba. Usiende kumkabili mzazi au mtuhumiwa, unaweza ukamweka mtoto kwenye hatari kubwa usiku huohuo.

Ukienda kuulizia kituo, na wewe wahoji. Uliza msimamizi wako atakuwa nani na utaongea naye kila baada ya muda gani. Uliza kama wanakagua historia ya watu wa kujitolea kabla ya kuwapa watoto. Wakikupokea Ijumaa na Jumamosi wanakukabidhi watoto bila kukuuliza jina la mtu wa kukudhamini, ujue na mtu mbaya atapokelewa hivyohivyo, na hapo mimi ningeondoka. Mafunzo je, hata ya siku moja? Kituo kisichokusimamia kitakuchosha mpaka uache, na tumeshaona kuacha kunafanya nini.

Mipaka mingine naipitia haraka. Kaa sehemu inayoonekana, mlango wazi au chumba chenye watu. Mawasiliano yapite ofisini au kwenye kundi ambalo msimamizi yumo, sio meseji za usiku za wewe na mtoto. Hela usikopeshe wala kugawa, ukiona ana njaa au hana viatu sema kituoni walishughulikie kama kituo, maana siku ukimpa mmoja umebadilika, umekuwa mfadhili, na wale wawili wengine wanahesabu. Picha zake usipost hata kama sura umeifunika.

Utapimwa, hilo ulijue. Wiki ya pili au ya tatu mmoja atachelewa makusudi, au atakutukana, au atasema hesabu zako ni upuuzi. Anachouliza pale ni kama utarudi. Usimlazimishe akuombe radhi mbele ya wenzake, sema "leo haijaenda vizuri, Jumamosi saa 4 nipo" na kweli uwepo. Ukiwa na dharura piga simu kabla, sio baada, na uombe kituo kimwambie kijana kwa maneno yako mwenyewe lini unarudi.

Mwisho wako uanze kuutaja mapema. Wiki ya 12 waambie zimebaki nne, ya 13 zimebaki tatu. Wengine watakuwa wakali au wataacha kuja ili wawahi kukuacha kabla hujawaacha, wapigie kupitia kituo uwaambie nafasi yao ipo. Kipindi cha mwisho toa yale maandishi ya Jumamosi ya kwanza, lile 26 na lile 2/5, hivyo usiyatupe, yahifadhi kwenye bahasha tangu mwanzo. Mwekee mezani na kalamu nyekundu mpe yeye, asahihishe mwenyewe. Na usimwambie "tutaonana" kama hujui lini.

Kesho piga simu kituoni waambie una Jumamosi 16, hesabu, vijana watatu. Wakikubali, ukaombe majina yao kabla ya siku ya kwanza ujue yanavyotamkwa, na ufike dakika 15 mapema, wakukute umekaa tayari unawasubiri.